Kuifurahia Riwaya Yenye Ila: Trade Wind na Unguja ya Mwaka 1859

Mwenyekiti, walimu wetu, ndugu wasomaji, assalaam alaykum na habari za jioni.

Mada ya leo ni riwaya moja ya mapenzi ya kihistoria ambayo watu wengi wa visiwani na mwambao wameisoma na wachache hukiri. Inaitwa Trade Wind, ya M. M. Kaye, mtunzi wa Kiingereza aliyezaliwa Simla, India, mwaka 1908 na kufariki mwaka 2004. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963. Baada ya mtunzi kupata jina kubwa kwa The Far Pavilions mwaka 1978, ilitolewa upya mwaka 1981, na nakala nene zinazozunguka mikononi mwa watu, zenye kurasa zaidi ya 500, kwa kawaida ni za toleo hilo au za machapisho yaliyolifuata.

Ukimuuliza msomaji kwa nini anayo, atakwambia anaisoma kwa ajili ya historia. Haya, tukubali nusu. Nusu ya pili ni kwamba kitabu kinashika: ukikifungua baada ya isha, adhana ya alfajiri itakukuta nacho. Na ndani yake mna jambo baya sana ambalo mtunzi anataka tulimeze kama sehemu ya mapenzi. Wapo wanaokitupa kwenye sura za mwanzo kwa hasira, na wapo wanaokimaliza wakageuka kuwa mawakili wake. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba mtu anaweza kukifurahia hadi mwisho, na hukumu yake juu ya ila ile ikabaki kali kama ilivyokuwa. Lakini inataka maandalizi.

Kwanza kisa, kwa wasiokijua. Mwaka 1859 msichana wa Boston, Hero Hollis, anasafiri kwa marikebu kwenda Unguja, ambako ami yake ni balozi wa Marekani. Inatarajiwa ataolewa na Clayton Mayo, mtoto wa kambo wa ami huyo. Njiani dhoruba inamtupa baharini, naye anaopolewa na chombo cha Rory Frost, Mwingereza mfanya magendo na mfanyabiashara wa watumwa, ambaye juu ya hayo ni swahiba wa Sultani Majid. Yupo pia Luteni Dan Larrimore wa manowari ya Kiingereza, ambaye kazi yake ni kumwinda Frost. Hero amekuja na nia ya kukomesha utumwa, nia ambayo hakuna awezaye kuilaumu. Tatizo lake ni kwamba anajua kila kitu kabla hajauliza. Kwa ujuzi huo wa kujipa anaingia katika njama za Barghash, mdogo wake Majid, dhidi ya Sultani huyo, akiamini kwamba sultani mpya ndiye atakayefunga soko la watumwa.

Hapo ndipo nguvu ya kitabu ilipo, na ni vizuri tukae nayo kidogo. Riwaya nyingi za aina hii humpa msichana dosari ndogo za kupendeza: ana ulimi mkali, nywele hazikai, basi. Hero amekosea katika mambo makubwa, ya siasa na ya uhai wa watu. Amewapima watu kwa vipimo vya Boston, akamwamini asiyestahili, na wengine ndio wanaolipa. Msomaji wa Unguja anaona kosa lake kurasa nyingi kabla yeye hajaliona, na anaendelea kusoma ili aione siku atakapolijua. Ndiyo maana wanaosema "nimekiacha kwa sababu yule msichana ananiudhi" wamekiacha pale kilipokuwa kinaanza kufanya kazi. Ameandikwa ili akuudhi. Mpe kurasa 100.

Sasa historia yenyewe, maana ukiwa nayo kichwani utaburudika maradufu. Seyyid Said, baba yao, aliyetawala Oman na Unguja pamoja, alifariki baharini Oktoba 1856, akiwa njiani kutoka Maskati kurudi Unguja. Mwanawe Thuwain akabaki na Oman, Majid akashika Unguja, na ugomvi wao wa urithi haukutulia mpaka uamuzi wa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, wa mwaka 1861, uliozitenganisha nchi mbili na kuitaka Unguja iilipe Oman reale 40,000 kila mwaka. Barghash, mdogo wao, aliona kiti kinamfaa zaidi yeye. Oktoba 1859 akaasi.

Uasi huo hauhitaji kutiwa chumvi na mtunzi yeyote. Aliyetuachia habari zake za ndani ni Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1844, kwa hiyo wakati ule ana miaka 15. Mabinti wa kasri walifundishwa kusoma, kuandika hapana. Yeye alijifunza kwa siri kwa kunakili aya za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kwa kuwa anajua kuandika, waliokula njama wakamfanya katibu. Barua za kutafuta silaha na wafuasi zilipita mkononi mwake. Majid alipoizingira nyumba ya Barghash, Salme na dada yake Khole ndio waliomtoa, akiwa amevikwa nguo za kike na kuwekwa katikati ya kundi la wanawake, mbele ya askari ambao hawakuthubutu kumfunua mwanamke wa kifalme. Barghash akakimbilia shamba la Marseilles, lililokuwa limejazwa silaha. Majid akaenda huko na msaada wa mabaharia wa Kiingereza. Watu wakafa, jumba likaharibika, Barghash akarudi mjini usiku na hatimaye akajisalimisha kwa Waingereza, wakampeleka Bombay uhamishoni.

Haya yote Salme aliyaandika kwa Kijerumani, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, wakati huo akiitwa Emily Ruete. Kaye amewaingiza Salme na Khole katika riwaya kama wahusika, na mtu akisoma vitabu viwili sambamba ataona jinsi mtunzi alivyochomeka msichana wa kubuni kwenye nafasi iliyokuwepo kweli: uasi ulioendeshwa na wanawake vyumbani, penye nafasi ya mgeni wa kike kuingia bila kutiliwa shaka. Mwanamume wa Kizungu asingeingia humo. Mtunzi alijua anachofanya.

Kuna kejeli mbili za historia ambazo mtu hazioni asipokuwa na tarehe. Ya kwanza: Hero anadhani Barghash ndiye atakayekomesha biashara. Barghash alitawala kweli, kuanzia Majid alipofariki Oktoba 1870 hadi 1888, na ndiye aliyetia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliofunga soko la Unguja. Lakini alitia saini kwa shinikizo la Waingereza, baada ya kukataa mwanzoni na baada ya kutishiwa kuzingirwa kwa manowari. Kwa hiyo Hero alikosea, kisha miaka 14 baadaye akawa kama aliyepatia, kwa sababu ambazo hakuziota. Ya pili: mwezi huohuo wa Oktoba 1859 John Brown alivamia ghala la silaha la Harpers Ferry, Virginia, akitaka kuwasha uasi wa watumwa wa Marekani. Msichana wa Boston yuko Unguja akishughulikia utumwa wa wengine, na nchini kwake moto ndio huo unaanza.

Na Boston yenyewe haikuwa safi katika jambo hili. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833, na ubalozi wake ukafunguliwa Unguja mwaka 1837, hasa kwa ajili ya wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, mji jirani na Boston. Walileta kitambaa cha pamba, ambacho mpaka leo tunakiita merikani. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Walichukua pembe, sandarusi, ngozi na karafuu, na karafuu za Unguja zilichumwa na watumwa. Pembe nyingi ziliishia Connecticut, kwenye viwanda vya vibao vya piano. Ukiwa na habari hizi, kila Hero anapofungua kinywa kuhubiri, unasikia piano ikilia chumba cha pili.

Tuje kwenye namna ya kusoma. Tunashauri usome kwa penseli na alama tatu tu, zaidi ya hapo utakuwa unasahihisha mtihani. Mstari pembeni ni kwa jambo linaloweza kuthibitishwa: upepo, tarehe, jina la mtawala, nyumba, pesa. Duara ni kwa kila mahali mtunzi anaposema kitu juu ya watu wa aina fulani kwa jumla, Waarabu, Waafrika, Wahindi, Wazungu. Msalaba ni pale unapogundua kwamba umeanza kumhurumia mtu ambaye hakustahili. Usisimame kuhakiki chochote mpaka umalize sehemu. Anayesimama kila ukurasa kutafuta kosa hawezi kufurahi, na baada ya siku chache huacha kabisa.

Kipimo cha kwanza cha riwaya yoyote ya mwambao ni upepo. Jina la hii lenyewe ni la upepo wa biashara. Kaskazi inavuma takriban Desemba hadi Machi na kuleta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na India. Kusi inashika takriban Aprili hadi Septemba na kuyarudisha. Mtunzi akikuletea majahazi ya Maskati yakiingia bandarini mwezi Julai, mwekee mstari mkubwa. Upepo huu ndio pia uliowaleta watu wa kaskazini, wale Waarabu wa Ghuba walioshuka kila msimu, wakapiga kambi mjini na kuiba watoto mpaka wenyeji wakawafungia ndani watoto wao. Konseli wa Kiingereza wa wakati huo, Rigby, aliyekuwa Unguja kuanzia 1858 hadi 1861, amewaandika kwa uchungu. Kwenye riwaya wamo, na hofu ya mji wakati wao ni katika kurasa zilizoandikwa vizuri kuliko zote.

Kipimo cha pili ni vitu: je, vilikuwapo mwaka 1859? Beit al-Ajaib, jumba la Barghash, ilijengwa mwaka 1883. Kanisa la Mkunazini lilianza kujengwa mwaka 1873 juu ya soko lililofungwa. Kanga hazikuwapo mwaka 1859, zilienea baadaye kuelekea mwisho wa karne. Buibui nalo ni la baadaye. Mwanamke wa 1859 mvike kaniki au merikani kama ni mtumwa au maskini, na kama ni bibi wa kasri mvike suruali, kanzu ya hariri na barakoa. Milango iliyochongwa yenye kizingiti cha juu kilichonyooka ni ya mtindo wa zamani, ile ya juu mviringo ilishamiri tangu enzi za Barghash. Mji wenyewe ulikuwa karibu kisiwa, kwa sababu ya hori lililoutenga na Ng'ambo na ambalo baadaye lilifukiwa. Wenye kuandika riwaya humu ukumbini, chukueni hii orodha. Waandishi wetu wenyewe hukosea kwenye kanga kuliko pengine popote.

Kipimo cha tatu, na wengi huuliza swali hili: mbona Larrimore hamkamati Frost kila wanapokutana? Jibu ni sheria. Mkataba wa Hamerton wa mwaka 1845, baina ya Uingereza na Seyyid Said, ulioanza kutumika 1847, ulikataza kusafirisha watumwa nje ya milki ya Sultani ya Afrika Mashariki. Ndani ya milki hiyo, baina ya Kilwa na Lamu, ilikuwa halali. Chombo kilichojaa watu kutoka Kilwa kuingia Unguja, manowari ilikitazama kikipita. Ripoti ya Rigby inasema kwa mwaka 1859 peke yake waliingizwa Unguja watu 19,000, na wengi wao, kama 15,000, walitoka upande wa Ziwa Nyasa. Ila kwa Mwingereza mwenyewe hali ilikuwa tofauti. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 iliihesabu biashara hiyo kuwa uharamia, na adhabu yake ilikuwa kifo mpaka mwaka 1837 ilipopunguzwa. Kwa hiyo Frost alikuwa na mengi ya kuogopa kuliko nahodha wa Kiarabu aliyetia nanga kando yake, na ushahidi ndio uliokosekana. Ukilijua hili, kufukuzana kwao baharini kunakuwa na maana ya kisheria pamoja na ile ya kimapenzi.

Harufu nayo isikutishe. Wapo waliosema mtunzi aliutukana mji kwa kuuandika jinsi unavyonuka. Livingstone mwaka 1866 aliubandika Unguja jina la utani kwa sababu ya uvundo wa ufukweni, na msafiri Mwingereza Burton kabla yake alieleza maiti za watumwa zilizotupwa pwani. Kipindupindu kiliupiga mji mwaka 1858 na 1859, kikarudi kwa ukali zaidi 1869 na 1870. Kurasa za kipindupindu katika riwaya zina haki ya kuwa mbaya.

Basi tufike kwenye ila, na hapa hatutafichana.

Rory Frost anamteka Hero, anamfungia nyumbani kwake na kumbaka. Sababu anayopewa na mtunzi ni kisasi: Clayton amemfanyia ubaya Zorah, suria wa Frost na mama wa binti yake Amrah, na ubaya huo umeishia katika kifo cha Zorah. Kwa hiyo Frost anamlipiza mwanamume kwa mwili wa mwanamke. Baadaye Hero anampenda, na kitabu kinataka tuone kwamba hivyo ndivyo ilivyopasa.

Kwa nini mtunzi mwenye akili namna hii aliandika hivyo? Kwa sababu aina ya riwaya aliyoichagua ilikuwa na njia iliyokwisha kuchimbwa. Mwaka 1919 The Sheik ya E. M. Hull ilimfanya msichana wa Kiingereza atekwe jangwani Algeria, abakwe, ampende aliyemteka, kisha mwishoni ikafichuka kwamba sheikh huyo kwa damu ni Mzungu. Kiliuzwa kwa wingi sana, na mwaka 1921 kikawa filamu. Mwaka 1972 The Flame and the Flower ya Kathleen Woodiwiss ilianza ndoa yake kwa ubakaji na ikafungua muongo mzima wa riwaya za namna hiyo Marekani. Trade Wind iko katikati ya hizo mbili. Katika maadili ya wasomaji waliolengwa, msichana mwema hakuruhusiwa kutaka; kwa hiyo mtunzi alimwondolea hiari ili asilaumiwe kwa tamaa. Ndiyo mashine yenyewe. Kuijua hakumsafishi mtu, lakini kunakuonyesha parafujo zilipofungwa: tazama jinsi kurasa zinazofuata zinavyojazwa maradhi, watoto na hatari, ili Frost apate nafasi ya kutenda mema haraka kabla msomaji hajatulia. Huo ni ufundi, na ni ufundi wa kusahaulisha. Ile alama ya msalaba kwenye penseli yako ndiyo kazi yake hapa. Utashangaa itakavyokuwa mingi.

Ila ya pili inasemwa kidogo na pengine ni kubwa kuliko ya kwanza. Zorah. Ni msichana aliyenunuliwa. Katika kisa anapenda, anaumia, anakufa, na kifo chake kinatumika kuwa sababu ya jambo la watu wawili weupe. Mlinganishe na hali halisi ya masuria wa nyumba za Kiislamu za wakati ule. Suria aliyemzalia bwana wake hakuweza kuuzwa tena, akawa huru bwana akifa, na mtoto wake alizaliwa huru na kurithi kama wengine. Salme mwenyewe mama yake alikuwa suria, Jilfidan, Mcherkesi, na watoto wa Seyyid Said walioachwa hai wote walikuwa wa masuria. Hatusemi hayo kuupamba usuria. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria Unguja iliwaacha masuria nje mpaka mwaka 1909, na waliokuwa ndani walijua maana yake. Tunasema kwamba Zorah, kwa kuwa bwana wake ni Mwingereza, hana hata hiyo ngao ndogo. Sheria ya Frost inamwona mhalifu kwa kummiliki, na haimwoni Zorah kabisa. Hapo palikuwa na riwaya nzima. Mtunzi alipita.

Ila ya tatu tuipitie upesi: Waswahili. Mji umejaa wao na kitabu kina wachache wenye kusema sentensi tatu mfululizo. Sababu si siri. Kaye alikulia katika familia ya utawala wa Kiingereza India, na jicho lake linafika vizuri kwenye ubalozi, manowari na kasri, kisha linachoka. Riwaya ilitoka mwaka 1963, mwaka ambao tarehe 10 Desemba Unguja ilipata uhuru. Wiki chache baadaye, tarehe 12 Januari 1964, usultani wenyewe ukaondolewa. Wale waliokuwa nyuma ya pazia la kitabu walikuwa wamesimama mbele ya historia.

Sasa, kwa vikundi vinavyotaka kuisoma pamoja. Gaweni mikutano mitano, kurasa 100 hivi kila mmoja. Kabla ya mkutano wa kwanza kila mtu aambiwe waziwazi kwamba kuna utekaji na ubakaji, na mhusika mkuu wa kiume ndiye mtendaji. Aambiwe kabla, maana vikundi vingi huvunjika pale mtu anapofika kwenye sura hiyo usiku peke yake, akahisi wenzake wamemwekea mtego. Asiyetaka kuisoma sura hiyo aruke. Kisa kinafahamika bila yake. Kwa wanafunzi wa sekondari hatukipendekezi, hata kama mwalimu ana nia njema ya kufundisha historia ya uasi. Kwa kazi hiyo sura za Salme kuhusu Barghash zinatosha, ni fupi na zina msisimko wake.

Mkutano wa utekaji usiuanze kwa swali "je, Hero alimpenda kweli?" Swali hilo huwagawa watu papo hapo na mazungumzo hayaendi. Anzeni na mkono wa mtunzi: nani anaona katika sura hii, habari za Zorah zinatoka kinywani mwa nani, ni kurasa ngapi kabla Frost hajatendewa wema na mtu mwingine. Hesabuni. Mazungumzo yatakuwa makali lakini yatakuwa juu ya kitabu, na aliyekipenda hatajiona ameshtakiwa.

Kosa jingine la vikundi ni kumweka Salme kuwa hakimu wa ukweli. Ni shahidi mzuri wa njama, nguo, vyakula na ugomvi wa nyumbani. Juu ya utumwa aliandika sura ya kuutetea, akisema wa kwao haufanani na wa Marekani. Naye ni binti mfalme, anaona kutoka barazani. Kwa hiyo mkimaliza riwaya ongezeni sauti mbili. Moja ni ya Swema, msichana wa Kiyao aliyefikishwa Unguja mwaka 1865, akadhaniwa amekufa, akazikwa mzima, akafukuliwa na kupelekwa misheni ya Wakatoliki. Habari yake ilichapishwa kwa Kifaransa miaka michache baadaye, na mkono wa wamisheni unaonekana ndani yake, isomeni mkilijua hilo. Nyingine ni ya Rashid bin Hassani, Mbisa aliyetekwa mtoto na kuwa mtumwa wa bibi mmoja wa ukoo wa Barghash, ambaye maelezo yake yamo katika Ten Africans ya mwaka 1936, iliyohaririwa na Margery Perham. Kurasa zake ni chache, mtu anazimaliza kwa mkao mmoja.

Akitaka mapenzi ya kihistoria ya mwambao yaliyoandikwa na mwenyeji, msomaji aende kwa Abdulrazak Gurnah, Desertion ya mwaka 2005, inayoanza mwaka 1899 kwa Mwingereza aliyeanguka mbele ya msikiti alfajiri na mwanamke anayeitwa Rehana. Imeandikwa polepole kuliko Trade Wind. Aliyezoea mwendo wa Kaye atalalamika kwenye kurasa 30 za mwanzo.

Kuhusu nakala: toleo la karatasi la 1981 uti wake hukatika katikati likifunguliwa kwa nguvu, na kwa joto letu gundi yake hukauka na kurasa zikaanza kutoka moja moja. Lifungueni kidogokidogo kutoka pembeni zote mbili kabla ya kuanza, na msilikunje kwa nyuma. Kikundi chenye nakala moja kinaweza kuligawa kwa uzi katika sehemu tano na kuzizungusha; mwenye sehemu ya nne asimsimulie mwenye sehemu ya pili. Maswali tuyapokee sasa, na walioisoma tayari watupishe kwanza wale ambao hawajafika kwa Zorah.